Kasanduku ka Kuinua Sauti ya Kasiva

Oktoba 12

Mimi Ndululu, wa hapa juu ya Migwani, ndiye mtu wa kwanza wa kijiji hiki kuingia ndani ya santuri. Nairobi, mwaka wa 1978. Wimbo ulipigwa redioni mpaka watu wakauchoka, na mimi nimo ndani.

Nimeyasoma hayo tena na mkono umeniwasha. Daftari hili halina wa kumdanganya, basi niseme ukweli. Wimbo ulikuwa wa watu wengine. Mimi nilisimama nyuma nikigonga chupa ya Fanta kwa msumari, ting ting. Katikati ya ubeti wa pili nilikohoa. Mwenye studio alikikata kile kikohozi, na chupa ikaenda nacho. Santuri ilipotoka nilibandika sikio kwenye spika kama anayesikiliza tumbo la mja mzito. Simo. Hata ting moja.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mbithe, mke wangu, husoma kila kitu cha Kikamba kilicho humu nyumbani, kuanzia Biblia mpaka karatasi ya kufungia sukari. Kiswahili kwake ni cha kuuzia mayai. Mimi shule niliishia darasa la tano. Mwalimu alisema natosha.

Sasa jambo lenyewe. Binti yetu Kasiva alirudi Agosti kutoka Arabuni, miaka miwili jikoni kwa watu. Amerudi na sanduku la magurudumu, simu nzuri, na sauti ndogo. Kuna kampuni Nairobi inatafuta wasomaji wa vitabu kwa Kikamba, vitabu vya kusikilizwa kwa simu. Wamempa kitabu kidogo cha hadithi, sura sita, ajirekodi mwenyewe. Akizituma zote zikiwa safi, bila kelele nyuma, kabla ya Desemba 20, atapata kazi ya kusoma vingine akiwa hapa hapa nyumbani. Akishindwa, kuna mama anaitwa Yvonne, wa kupeleka wasichana Arabuni, ameshamwekea nafasi ya Januari.

Kasiva hajasema anataka lipi. Mimi pia sijasema. Nimempa ghala, basi. Ni ghala la nafaka lisilo na nafaka. Msimu uliopita tulivuna ndengu za kujaza kofia. Ametundika magunia na blanketi ukutani, akaweka meza, kompyuta, na maiki ya aina ile ya kanisani. Anasoma vizuri. Lakini ukisikiliza baadaye, ni kama anasomea ndani ya mtungi, na mtungi uko Kitui.

Oktoba 13

Jua. Tumepanda kavu. Mbegu nazo zinatuangalia.

Oktoba 17

Nilienda Mwingi kwa Nadifa, yule mama mwenye duka la redio na spika. Mumewe anauza ngamia, yeye anauza kelele, na ndiye anayelisha nyumba.

"Mzee Ndululu, maiki yenu ni ya aina gani?"

"Nyeusi."

"Nyeusi!" Akafunga macho kidogo. "Na binti anasoma kwa sauti kubwa?"

"Kama panya anayetubu."

"Basi maiki ndogo, sauti ndogo. Nyinyi mnahitaji hii." Akaniandikia kwenye karatasi: preamp. Akasema ni ya kuinua sauti ikitoka kwa maiki, kabla haijafika kwa kompyuta. Ukinunua ya hovyo, itainua pia takataka zake yenyewe, na utasikia shhh kuliko maneno. Mimi neno lake limenishinda. Naita kasanduku.

Alinionyesha kamoja keusi, kabaya ka sura kama mkebe wa rangi ya viatu, kifundo kimoja cha kuzungusha. Bei yake ni ya beberu mkubwa. Kando yake kulikuwa na kengine ka rangi ya fedha, vifundo kumi na viwili, taa ya samawati, nusu ya bei ile.

"Haka kana vifundo kumi na viwili," nikamwambia. "Hako kana kimoja. Unataka kunifanya mjinga?"

"Mzee wangu, hununui ng'ombe hapa. Usihesabu."

Nilinunua ka vifundo kumi na viwili. Alinifungia bila neno, na mwanamke akikufungia kitu bila neno unapaswa kujua umekosea.

Oktoba 18

Ka rangi ya fedha kana mwangwi ndani yake. Kasiva alisoma "Hapo kale sungura alikuwa na shamba" na ikatoka kama mhubiri wa uwanjani anayeita watu waokoke. Alipozima mwangwi tukabaki na kelele mbili. Ya kwanza ni shhh. Ya pili ni mmm, ya chini, kama fahali anayewaza.

Ile shhh Kasiva aliiweka kwa spika kubwa ili niisikie vizuri. Mbithe alitoka jikoni mbio kuanua nguo. Alidhani ni mvua.

Oktoba 19

Wingu moja. Limepita likaenda kwa wenye bahati.

Oktoba 23

Nadifa amekapokea tena ka rangi ya fedha bila kunicheka, jambo lililonikera. Nikanunua kengine kwa mpiga kinanda wa harusi, kamezeeka, kamefungwa kwa gundi ya karatasi. Shhh ilipungua nusu. Mmm haikupungua hata kidogo.

Nilichoka. Joto la ndani ya lile ghala na blanketi zake linaweza kuivisha mayai. Nikamwambia Kasiva, "Shida si kasanduku. Shida ni wewe, Malkia wa Arabuni. Unasoma kama aliyekopa mdomo. Hebu soma kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto!"

Akajaribu. Alivuta pumzi, akasoma sentensi ya kwanza kwa nguvu, nzuri kabisa, nikaanza kujipongeza. Katikati ya sentensi ya pili, Mbithe huko nje akaangusha kifuniko cha sufuria. Kasiva alinyamaza. Mkono ukaenda mdomoni. Akautazama mlango. Hakuwa ananitazama mimi, na sidhani mlango aliokuwa anautazama ulikuwa wa ghala letu.

Nikangoja. Mimi si mtu wa kungoja, lakini nilingoja.

"Nau," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita mimi baba yake tangu aanze kusema. "Kule nilikokuwa kulikuwa na mtoto asiyelala vizuri. Ukiangusha kijiko, huli siku hiyo. Ukitaka kuongea, unaongea hivi."

Akaongea hivi. Ilikuwa ile ile sauti anayosomea.

"Miaka miwili?" nikauliza.

"Na miezi miwili."

Nilitafuta mzaha. Huwa ninao mwingi, kama kunguni. Sikupata.

Oktoba 24

Nimeuza beberu. Mbithe ameuliza kwa nini. Nimemwambia alikuwa ananitukana kwa macho.

Oktoba 26

Kale keusi. Nadifa alikatoa chini ya meza kabla sijasema neno. Alikuwa amekaweka kando tangu siku ile. Niliuliza kama kana hata taa ndogo. Akasema, "Mzee, kakiwa na taa utakaangalia. Haka ni ka kusikiliza."

Ni kweli. Shhh imeisha kabisa. Kasiva akisoma sasa unamsikia akimeza mate, unasikia ukurasa ukigeuka, na ile sauti ndogo inakuja mpaka hapa karibu na sikio, kama anakusimulia wewe peke yako. Nilisikiliza hadithi ya sungura mpaka mwisho. Mimi, mtu wa miaka sabini na nne. Nilitaka kujua kama sungura atashikwa.

Lakini mmm ipo. Sasa ndiyo inasikika zaidi, kwa kuwa haina mwenzake wa kuificha.

Nilimpigia Nadifa simu nikiwa na hasira ya beberu. Akasema, "Hiyo si ya preamp, mzee. Preamp haichagui. Inainua binti yako, na inainua uchafu wa stima yenu. Ita fundi."

Oktoba 28

Amekuja Nzuki, fundi aliyetuwekea stima. Ameangalia soketi, ameangalia mita, ameangalia kuku wetu kwa muda mrefu. Amekunywa chai vikombe vitatu. Nyuma ya ghala ameshika ile nondo aliyoichimbia ardhini mwenyewe, ambayo waya wa kijani wa stima umefungwa juu yake, akaitikisa, akasema iko sawa. Haikuingia sana kwa sababu chini ni mwamba, imefika magotini, lakini iko sawa.

"Stima ya huku ndivyo ilivyo, mzee. Inavuma."

Hata mimi bila vifaa ningesema hivyo, na kwa chai kidogo.

Oktoba 30

Kliniki. Presha. Daktari, msichana mdogo mwenye miwani mikubwa, amenipa vidonge vya kutoa maji mwilini. Tangu asubuhi naenda na kurudi, naenda na kurudi. Choo chetu kiko ng'ambo ya zizi, na mwili wangu hausubiri zizi. Nimepata mahali nyuma ya ghala, penye ua wa minyaa, hakuna anayeniona. Nailenga nondo ya Nzuki. Mzee naye anahitaji shabaha.

Novemba 3

Hakuna mvua. Mbithe ameingia ghalani na chupa ya mafuta ya maombi, amekapaka kasanduku na kukemea mmm itoke. Kifundo sasa kinateleza. Kasiva anakizungusha kwa leso.

Novemba 5

Mmm imepungua. Mbithe anaimba.

Novemba 7

Imekwisha. Kasiva alivaa visikizio, akaongeza kifundo mpaka mwisho, akanipa nisikie. Kimya. Nilisikia mbuzi akitafuna nje. Amesoma sura ya kwanza na ya pili, zote safi. Jioni alikula sahani nzima na akamcheka kuku. Sikumbuki alicheka lini tena tangu arudi.

Novemba 10, Jumapili

Mbithe amesimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Alieleza habari ya mmm kwa ukubwa ambao hata mimi niliiogopa. Kanisa lote, "Asifiwe!" Mchungaji ametaka jina la mafuta. Mimi niko benchi la nyuma nimebana magoti kwa ajili ya vidonge, nilitoka mara tatu, na mzee wa kanisa akaniambia mlangoni kwamba anafurahi kuona ninavyoguswa.

Novemba 13

Kesho naenda Kasikeu, Makueni, kwa ndugu yangu Musyimi. Watu wanakuja kuposa binti yake na mimi ndiye mwenye mdomo katika ukoo. Kasiva anaendelea na sura ya tatu.

Novemba 18

Nimerudi. Huko mambo yalienda vizuri, niliwatesa wale wakwe kwa maswali mpaka baba ya kijana akaomba maji. Vidonge sikuvimeza siku zote nilizokuwa huko. Mtu hawezi kuzungumza habari za mahari huku anakimbilia kichakani kila saa. Niliona niko mzima, basi leo pia sijavimeza, na nimerudi kutumia choo kama binadamu.

Hapa nyumbani nimekuta msiba usio na maiti. Mmm imerudi. Ilianza siku ya pili baada ya mimi kuondoka, ikakua. Sura ya tatu yote imeharibika, ya nne pia. Kasiva amesoma kurasa zile zile mara tisa. Koo limekauka. Amekaa nje ya ghala mikono kwenye mapaja, kompyuta imefungwa.

Mbithe hali chakula. Anafunga.

Novemba 20

Yvonne ametuma ujumbe wa sauti. Sauti yake haihitaji kasanduku. "Kasi mpenzi, familia mpya ni wazuri sana, watoto wawili tu! Nijibu kufikia tarehe ishirini na mbili Disemba, kuna wengine wanataka hiyo nafasi."

Watoto wawili tu. Kasiva aliusikiliza mara mbili. Kisha akaanza kufua nguo zake zote, hata zilizo safi. Najua mtu anafua zilizo safi kwa sababu gani.

Nilimwambia, "Mwambie Yvonne akupe mtoto anayelala." Ulitakiwa uwe mzaha. Hakucheka, na mimi pia sikucheka.

Novemba 21

Siku ya nne Mbithe hajala. Joto. Hata nzi wamechoka.

Novemba 22

MVUA.

Ilikuja saa nane mchana kutoka upande wa vilima, na hatukuiamini mpaka ikapiga mabati. Mbithe alitoka akasimama ndani yake. Nzuki alikuwa anapita na pikipiki, akakimbilia ghalani kujikinga, nasi tukaingia. Kelele ya mabati! Hata ukipiga nduru mwenzako anaona meno tu.

Ilipoacha, saa kumi, kila kitu kikadondoka polepole. Kasiva akavaa visikizio, nadhani kwa mazoea tu, hakuwa na tamaa. Akakaa. Akavivua, akavitazama, akavivaa tena.

"Haipo," akasema.

"Nini?"

"Mmm. Haipo, Nau. Hakuna."

Nzuki akaenda nyuma, akaangalia nondo yake imesimama kwenye tope, akarudi akijigonga paji la uso. "Aii! Ni udongo. Udongo mkavu haubebi stima, kwa hivyo ule uchafu hauna pa kushukia, unazunguka ndani ya nyaya zenu. Ukilowa, unashuka. Tena nondo imegonga mwamba, iko juu juu."

"Na wewe ulisema iko sawa," nikamwambia.

"Ilikuwa sawa, mzee. Ilikuwa na kiu."

Kasiva alisoma sura ya tatu yote kabla ya giza. Akamaliza, matone ya mvua yakaanza tena.

Lakini mimi kuna kitu kilinisumbua. Kama ni mvua, mbona ilinyamaza Novemba 7, wakati kulikuwa kukavu kama ulimi wa mwizi? Nikachukua daftari hili, nikarudi nyuma, nikasoma. Oktoba 30, vidonge. Novemba 5, imepungua. Novemba 7, imekwisha. Novemba 14, niko Kasikeu. Novemba 18, nimerudi na simezi vidonge.

Nikafunga daftari. Nikalifungua tena, kwa sababu mtu hapewi habari kama hiyo kila siku.

Novemba 23

Mbithe bado hali. Nilimfuata jikoni na bakuli.

"Mama Kasiva, kula."

"Sili. Nilisimama mbele ya watu nikasema Mungu ameiondoa, na ikarudi. Nimemtia Mungu aibu. Kuna dhambi mahali, katika nyumba hii."

"Mvua imeiondoa tena."

"Mvua ni mvua. Mimi nauliza ile ya kwanza. Nani aliiondoa, na kwa nini aliirudisha?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini huyu ni mwanamke wa miaka sabini, siku sita bila chakula, kwa sababu ya kibofu changu.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

Nikamwambia. Vidonge, minyaa, nondo, shabaha.

"Nyuma ya ghala?"

"Ndiyo."

"Pale ninapoanika kunde?"

"Kando yake. Kando kidogo."

"Ndululu. Sasa ushuhuda wangu niuweke wapi?"

Nikafikiri haraka. "Wewe uliomba. Siku chache kabla, mimi nikapewa vidonge. Labda alijibu kwa chombo alichokiona karibu."

Kwanza nilidhani analia. Alikuwa ameshika mlango, mabega yanapanda na kushuka, na kilichomtoka kilikuwa kicheko cha zamani, kile cha kabla hajaokoka, kilichonifanya nimpose. Akala isyo bakuli mbili, mahindi na maharagwe mpaka chini. Kisha akasema, "Kasiva simwambii. Mwambie mwenyewe."

Hilo siwezi. Baba hamwelezi binti yake habari za maji yake. Sina adabu nyingi, lakini hiyo moja ninayo.

Novemba 27

Mvua imekatika tena. Nimerudia vidonge. Daktari akijua ninavyovimeza kwa bidii atafurahi. Kwa Kasiva nimesema nondo inamwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na ili nisiwe mwongo Mbithe anamwaga kweli, asubuhi na jioni. Lakini maji huletwa na punda, mitungi minne kwa siku, nayo ni ya mifugo na ya kunywa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko kwangu.

Sura ya nne, safi.

Desemba 2

Nimechoka. Usicheke, wewe daftari. Jaribu kuwa kisima.

Desemba 6

Sasa mvua haikomi. Nondo imeshiba, lakini mabati yanapiga makofi mchana kutwa. Tukiwa na ukavu tuna mmm, tukiwa na maji tuna mabati. Kasiva anakaa amevaa visikizio akingoja mwanya. Jana alipata dakika kumi na moja. Leo nne.

Ndengu zimeota zote. Niliacha kupita huko, naogopa kuziangalia sana.

Desemba 9

Dakika saba.

Desemba 12

Hakuna. Yvonne amepiga mara mbili. Kasiva hakushika, lakini pia hakuzima.

Desemba 15

Nilikuwa nimemdhania Kasiva kuwa mtu wa kukata tamaa. Nimeandika humu, nimemwita Malkia. Leo nimemtazama saa tano nzima akingoja mvua iache, akisoma ukurasa mmoja, mvua inakuja, anafuta, anangoja tena, bila kupandisha uso. Hapo nikaelewa. Miaka miwili hakuwa ananyamaza tu kule. Alikuwa anajifunza kungoja. Mimi nisingeweza hata asubuhi moja. Ningekuwa nimeshakitupa kile kijiko ukutani na kufa njaa nikiwa nimeshinda.

Desemba 18

Sura ya sita imeisha saa nne asubuhi, mvua ikiwa imelala. Amezituma zote kutoka Migwani, huku kwetu mtandao ni wa kuombea. Amerudi miguu imejaa tope, akalala mchana kama mtoto.

Desemba 20

Hakuna jibu.

Desemba 21

Hakuna jibu. Mbithe anazunguka ghala kama anayemtafuta kuku. Ameuliza kama afunge tena. Nimemfichia bakuli lisilokuwa na kitu, nimempa lililojaa.

Desemba 22

Simu ililia saa tatu, tukiwa wote watatu uani tunachambua kunde. Yvonne.

"Kasi! Leo ndiyo leo. Niwape jibu gani hawa watu?"

Kasiva alikuwa na jibu la wale wa Nairobi lililoingia asubuhi hiyo, hakuwa ametuonyesha. Nililiona baadaye. Wameandika kwamba sura zote zimepita, na wanatuma kitabu kingine, kinene, wakaongeza kwamba msomaji ana sauti ya karibu. Hayo sisi hatukuyajua. Mimi niliona tu ameshika simu, na ganda la kunde mkono wa pili.

"Siendi," akasema, kwa ile sauti yake ndogo.

"Eti? Kasi, sikusikii, mtandao ni mbaya."

"Siendi."

"Hallo? Hallo, ongea!"

Kasiva akasimama. Kunde zikamwagika. Akavuta pumzi mpaka chini na kusema, "SIENDI!"

Mbuzi walioko ng'ambo ya mto waligeuza vichwa. Jirani alitoka nje. Kifuniko cha sufuria alichokuwa anatilia kunde kilimponyoka Mbithe, kikapiga jiwe, na Kasiva hakuutazama mlango wowote.

Yvonne akasema sawa, hakuna haja ya kelele.

Januari 30

Tunang'oa ndengu. Magunia matano mpaka sasa, na shamba la chini bado. Hayana pa kukaa ila ghalani, tukadhani studio imekufa. Kasiva akayapanga kuzunguka meza kama ukuta. Sauti haijawahi kuwa nzuri hivi. Gunia la ndengu linameza kelele kuliko blanketi tatu. Sasa nadhani atakataa tuyauze.

Februari 2

Jua limerudi, udongo unapasuka, na kisima kimerudi kazini. Mgongo unauma. Nilikuwa nimeketi leo asubuhi, nawaza kama Nzuki anaweza kuchimba upande mwingine usio na mwamba, Kasiva akaja na chupa kubwa ya chai. Akaiweka mbele yangu kwa adabu, akainamisha macho kama inavyopasa binti.

"Nau, leo nina kurasa kumi na tano," akasema. "Kunywa chai."

Nikamtazama Mbithe. Mbithe akatazama mawinguni, ambako hakukuwa na wingu.

Februari 3

Kalamu yangu nilikuwa nimeiweka upande wa kushoto wa daftari. Leo iko kulia. Mbithe hasomi Kiswahili. Basi, Kasiva, kwa kuwa umo humu, tuongee, maana karatasi haina haya.

Jana katika sura ya pili ya kile kitabu kinene, mwisho kabisa, pale ambapo mama wa hadithi anafika nyumbani na wewe unanyamaza kidogo kabla ya kufunga, nilikuwa nyuma ya ukuta, kazini, na nilikohoa. Najua umekisikia, kasanduku hakachagui. Najua pia leo utakaa hapo na kukikata.

Sijakuomba kitu tangu Oktoba. Beberu sikudai. Mgongo wangu sikudai. Hapo mwisho hakuna maneno yoyote, hakuna kitakachoharibika. Kiache hicho kikohozi kimoja.

Nilikohoa vizuri.